Bibi wa Chumba Namba Kumi na Moja

Jumatano moja fundi hakurudi nyumbani. Mkewe alikuwa ameshapakua, sahani ya mume ameifunika kwa sahani nyingine, na saa moja ilipopita alianza kununa, maana boti ya mwisho kutoka kisiwani hufika saa kumi na mbili. Alinuna bure. Saa moja na nusu nahodha wa boti alipiga hodi mwenyewe, kofia mkononi. Alieleza kwamba fundi alikaa kwenye ngazi za gati kusubiri boti, akaegemea mfuko wake wa mwiko na timazi, na walipokwenda kumwita hakuitika. Moyo ulikuwa umesimama. Walidhani amesinzia, nahodha alisema, na kwa kuwa kila mtu alijua anavyochoka, walimwacha dakika tano zaidi.

Mjane hakumlaumu mtu. Kilichomuuma kwa muda mrefu ni kule kununa.

Watu walimwita mumewe Fundi Taratibu, wengine kwa heshima, wengine kwa kumchoka. Miaka sita alivuka maji kila siku kwenda kwenye ngome ya kisiwani, jengo la miaka mia nne ambalo wenyewe walikuwa wakiligeuza hoteli. Kazi yake ilikuwa kuta. Alipiga plasta ya chokaa, chokaa iliyolowekwa shimoni miezi mitatu mpaka ikawa laini kama siagi, na saruji hakutaka hata kuinusa. Alisema saruji ina haraka na haina adabu. Inalibana jiwe la kale mpaka linaoza kwa ndani, nawe huku nje unasifia ukuta mzuri.

Ngome yenyewe aliiita bibi, na hapo ndipo ulipotoka ugomvi uliochekesha ukoo mzima. Jioni moja mkewe alimsikia uani akizungumza kwenye simu kwa sauti ya chini: "Bibi amelala. Nimemfunika vizuri. Msimwamshe mpaka nije." Mke hakuuliza kitu. Siku mbili alipika chakula cha mtu mmoja. Siku ya tatu njaa ilimfungua fundi ulimi, akauliza kosa lake ni nini, na alipoambiwa alicheka mpaka akakaa chini. Ndipo akaeleza kwamba plasta mbichi hufunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa, na ukuta ukiwa chini ya magunia, yeye husema umelala. Chokaa hunywa maji siku kumi, alisema, halafu hula upepo mwaka mzima. Siku ya kuyaondoa magunia na kufungua madirisha, bibi ameamka. Tangu hapo kila jioni mke aliuliza kwanza habari za bibi, ndipo akauliza habari za mume.

Hoteli ilipofunguliwa, kila fundi aliahidiwa kulala huko siku moja na mwenziwe, bure. Wote walikwenda isipokuwa yeye. Kila mwezi alisema watakwenda ukuta wa mwisho ukikauka, na ukuta wa mwisho ulikuwa wa chumba namba kumi na moja. Aliumaliza Jumatatu. Jumatano ndiyo hiyo.

Miezi mitano ilipita. Wifi yake, dada wa marehemu, mwanamke mnene mwenye maneno mengi na magoti mabovu, akaja siku moja na begi limeshafungwa.

"Wifi, ahadi ya hoteli haiozi, lakini haya magoti yangu yanaoza. Twende."

Mjane alisema hana moyo wa kwenda kustarehe. Wifi akamjibu kwamba hakuna aliyemwambia akastarehe. Aende akanune huko huko, maana kununa anakujua. Ndiyo desturi yao hao wawili. Ukiona hawachokozani, ujue mmoja anaumwa.

Kwa miaka sita mjane alikuwa ameijua ngome kwa masikio. Boti ilipozunguka mwamba akaiona kwa macho, na mazungumzo ya wifi yakawa yanamfikia kwa mbali. Ilitoka majini kama jino. Kuta zake hazikuwa nyeupe, wala za kijivu. Zilikuwa na rangi ya maziwa yaliyokaa, na pale jua lilipozipiga zilionekana laini, utadhani ukibonyeza kwa kidole zitabonyea. Lango lilikuwa na misumari ya chuma mikubwa kama ngumi. Ndani yake kulikuwa na ua mpana wa mawe, mizinga miwili imelazwa chini na watoto wa wageni wamekaa juu yake wakila biskuti. Birika la chini ya ardhi, ambamo askari wa zamani waliweka maji ya mvua, lilikuwa sasa ukumbi wa chakula, na ukikohoa upande mmoja mtu wa upande wa pili anageuka.

Chumba chao kilikuwa zamani mahabusu. Wifi alipoambiwa hivyo alikaa kitandani, akajaribu godoro, akasema kama jela ndiyo hii basi yeye anakiri makosa yote. Mjane alikuwa dirishani. Unene wa ukuta ulikuwa kama urefu wa mkono wake wote, bega mpaka vidole, na pembeni plasta ilipinda kuingia dirishani bila kona, kama shuka iliyotandikwa na mtu mwenye nafasi. Alipitisha kiganja. Palikuwa na baridi nzuri, kavu.

Meneja alikuja kuwasalimu, mtu wa miaka arobaini hivi, mpole, tai imenyooka. Aliwapa pole, akasema wageni wanatoka mbali kuja kupiga picha kuta za marehemu. Alisema kweli, walimwona mzee mmoja mgeni ameweka shavu ukutani amefumba macho. Kisha mjane akaomba kuona chumba namba kumi na moja, na meneja akaanza kuchezea tai.

Akasema kile bado hakijafunguliwa kwa wageni. Akasema, kwa masikitiko, kwamba ule ukuta ulishindikana. Unatoa maji. Magunia aliyoyaacha marehemu bado yananing'inia pale, na mara zote mbili meneja alizoingia aliyakuta yanachuruzika, ukuta umevimba, na kuvu imepanda mpaka kiunoni. Mhandisi amekuja, ametazama, amesema bahari inaingia. Jumatatu watabandua yote na kupiga saruji.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi.

"Bahari inaingia kutoka wapi?" wifi akauliza. "Si tumepanda ngazi mpaka nikakaribia kufa?"

Meneja akasema hayo ni mambo ya kitaalamu, mama, na akawatakia mapumziko mema. Mjane angesema nini? Yeye hakuwa fundi. Alikuwa mke wa fundi, mtu aliyesikiliza akikaanga vitunguu. Wifi, kwa mara ya kwanza tangu wavuke, hakuwa na mzaha. Alisema tu kwamba kaka yake aliacha watu wawili duniani wanaoweza kumsemea, na mmoja wao hajui tofauti ya chokaa na unga.

Asubuhi, wageni wakiwa bado kwenye chai, mjane alipanda ngazi peke yake akihesabu milango. Wa kumi na moja ulikuwa wazi kidogo. Ndani kulikuwa na giza la madirisha yaliyofungwa na harufu ya nguo zilizosahauliwa kwenye beseni. Katikati ya giza hilo alimwona mwanamke wa makamo, amevaa sare ya watandika vitanda, ndoo miguuni na kopo mkononi. Alikuwa anamwagia magunia maji, polepole, kutoka juu kushuka chini.

Mjane alisema hodi, akajitambulisha. Yule mwanamke aliweka kopo chini, akajifuta mikono mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Pole, dada," akasema. "Fundi wetu alikuwa mtu wa watu."

"Asante. Unafanya nini hapo?"

"Namnywesha bibi." Alilisema kama mtu anayesema anafagia. "Ile Jumatano aliniita, akanionyesha. Kila asubuhi mnyweshe, dirisha usifungue, amelala. Nikamuuliza mpaka lini? Akasema, mpaka nikwambie ameamka." Akalitazama kopo. "Sasa dada, nani angeniambia?"

Mjane alikaa kwenye ukingo wa dirisha lililofungwa. Alihesabu kichwani. Miezi mitano, asubuhi mia moja na hamsini na ushei. Mwanamke huyu alikuwa amepanda ngazi zile na ndoo kichwani kila siku, kabla ya zamu yake, bila kuambiwa na meneja wala kulipwa, na siku yake ya mapumziko, alieleza, alimwachia nduguye wa jikoni maagizo. Hakuthubutu kuacha. Aliogopa kazi ya mwisho ya marehemu isiharibikie mikononi mwake. Na kumbe bahari iliyokuwa ikiingia ni yeye, ndoo moja kila asubuhi.

Mjane alitaka kucheka na alitaka kulia, na kwa kuwa hakujua aanze na lipi, aliinuka akamshika yule mwanamke mkono.

"Ameamka, dada," akasema. "Bibi ameamka siku nyingi. Nisaidie tumfungulie."

Makomeo ya mbao yalikuwa yamevimba. Waliyapiga kwa kisigino cha kiatu, moja baada ya jingine, na upepo wa baharini ukaingia kama mtu aliyengojea nje. Kisha wakashusha magunia. Chini, karibu na sakafu, plasta ilikuwa imeoza kweli. Ilibaki vidoleni kama uji. Lakini kuanzia magotini kwenda juu, chini ya weusi wa kuvu, mjane aligonga kwa kifundo cha kidole namna alivyoonyeshwa mara nyingi kwenye ukuta wa jikoni kwao, na ukuta ukamjibu sauti nene, iliyoshiba. Ulikuwa umeshika.

Meneja alipoitwa alikuta wanawake watatu, maana wifi naye alikuwa ameshapanda kwa magoti yake hayo hayo. Mtandika vitanda alisema afukuzwe yeye lakini ukuta usiguswe. Mjane alizungumza kwa sauti yake ya kawaida, ya kukaanga vitunguu. Alieleza magunia ni ya nini, siku kumi ni za nini, upepo ni wa nini. Alisema hakuna bahari humu. Alisema aliyelowesha ukuta alikuwa anatimiza agizo la mtu aliyekufa kabla ya kumaliza sentensi, na kama kuna mfanyakazi hapa mwenye kushika neno kuliko huyu, meneja amwonyeshe.

Meneja alitazama ndoo, akatazama dirisha. Alikumbuka, akasema, kwamba mara zote mbili aliingia asubuhi. Akasema mhandisi pia alikuja asubuhi. Halafu akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, tai na yote, akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyelipia ripoti nzima kuambiwa bahari iko wapi.

"Mama, unataka nini?"

"Wiki tatu. Madirisha wazi, na mtu asimwage hata kikombe. Ukigonga plasta ikamomonyoka kama unga, leta saruji yako."

"Na wewe utajuaje?"

"Nitakuja kugonga mwenyewe," mjane akasema, na akashangaa kujisikia akilisema.

Mchana wifi alimwambia kwamba kaka yake alioa bubu, sasa haijulikani huyu aliyeshuka naye ngazi ni nani. Mjane akamwambia ale chakula chake. Walikula kwenye birika la zamani, chini ya matao, na wifi alipokohoa mtu wa upande wa pili akageuka.

Baada ya wiki tatu meneja aligonga, mjane akagonga, na mhandisi, aliyekuja safari hii mchana, akagonga pia na kufuta maneno yake bila kusukumwa. Kuvu ilisuguliwa kwa brashi kavu ikatoka. Sehemu ya chini, kimo cha goti, ilibanduliwa na kupigwa upya kwa chokaa ile ile iliyobaki shimoni. Fundi aliyeipiga alikuwa amefanya kazi chini ya marehemu miaka minne, na aliipiga akiwa na haraka kidogo. Mjane alimwambia, naye akarudia. Mtandika vitanda hakufukuzwa. Alipewa funguo za vyumba vyote vya juu.

Siku hizi chumba namba kumi na moja kinapangishwa. Popote magunia yanapotundikwa ndani ya ngome, tarehe ya kuyaondoa huandikwa kwa chaki mlangoni, na anayeiandika ni mjane wa fundi, ambaye huvuka kila Jumatatu kwa boti ya saa tatu asubuhi.