Kabla ya Usingizi

"Ongeza mto mwingine," alisema daktari wa usingizi, na nesi akaongeza. "Sasa vuta pumzi, dada."

Fundi, mshona nguo, akavuta. Ukatoka ule mluzi ambao wateja walidhani ni cherehani yake inayodai mafuta. Alikuwa mtu mzima mwenye kimo cha mtoto. Mifupa yake ilikua ikijiendea itakavyo tangu utotoni, na sasa bomba la pumzi lilikuwa limejikunja kifuani kama mpira wa maji uliokanyagwa. Kesho wangemfungua walinyooshe. Leo walitafuta tu namna ya kumlaza.

"Nigeuze kidogo kushoto," alisema. Mluzi ukapungua. Nesi akabandika plasta kitandani, kuweka alama pale mito ilipokaa.

"Mpira wa hewa utapita puani wewe ukiwa macho," daktari alimweleza. "Nikitanguliza usingizi, njia inaweza kuziba, na shingo yako haitaki kukunjwa."

Kaka yake, aliyeegemea mlango, akajikohoza. "Si mumlaze tu asisikie? Huyu anaogopa sindano, na sindano ndiyo inayomlisha."

Fundi akacheka hadi pumzi ikamkatika. Walimngoja. Alipotulia akamuuliza daktari, "Na ukishindwa?"

"Nitautoa, nikuambie nimeshindwa, urudi wodini."

Jibu hilo lilimtuliza kuliko matumaini yote aliyokwisha kupewa hospitalini.

Asubuhi walimpulizia dawa ya ganzi mpaka koo likawa kama la mtu mwingine. Mpira ukaingia, ukagota. Akakohoa, machozi yakamtiririka. Daktari akauchomoa.

"Upande huu nimeshindwa, dada. Nijaribu wa pili, au tuache?"

Hakuna aliyemharakisha. Fundi alitazama dari, akawaza miezi aliyolala ameketi, akiogopa kupitiwa na usingizi. Akagusa tundu la pili la pua.

Safari hii mpira ulishuka polepole, ukapinda, ukashuka tena.

"Sema moja."

Fundi akafungua mdomo. Sauti haikutoka hata chembe, na walikwisha kumwambia kwamba itakuwa hivyo mpira ukifika penyewe. Daktari akaangalia mashine, akashusha pumzi. Akachukua bomba la sindano ya usingizi.

"Haya, lala sasa."

Lakini Fundi alikuwa akivuta pumzi, nyingi, ndefu, isiyokwama popote. Akainua kidole kimoja, kumwomba angoje kidogo.