Mizigo ya Kwenda Buna

Sagal aliinyanyua baiskeli kwa mbele, akaiachia. Ilitua kwa kishindo kama gunia la sukari.

"Bado nzito," alisema.

Duale, fundi cherehani wa mtaa wa Iftin, aliacha kushona akamtazama. Kwa wiki kadhaa alikuwa akimshonea mabegi ya turubai: moja la kujaza nafasi ya katikati ya fremu, moja la kufungwa chini ya kiti, na moja refu la kulala juu ya usukani. Tangu aanze ufundi hakuwahi kuletewa kazi kama hiyo.

"Mwalimu, Buna kunafikika kwa gari," alisema. "Unapanda basi hadi Wajir, unabadilisha gari, umefika. Shida iko wapi?"

"Nimepanda hilo basi. Nafika kichwa kinaniuma, sijaona kitu njiani."

Hakumweleza yote. Buna ndiko walikozaliwa, yeye na dada yake mkubwa Ruweyda. Baba yao alikuwa na baiskeli moja nyeusi, nzito, na kila alipojilaza baada ya sala ya adhuhuri, wasichana hao waliitoa kimyakimya wakaishusha kwenye laga, ule mto mkavu nyuma ya nyumba. Mmoja alikanyaga pedali, mwingine akakimbia nyuma ameshika kiti. Waliambiana kwamba wakiwa wakubwa wataondoka na baiskeli mbili, waone barabara ile inaishia wapi. Kisha baba akafariki. Mama yao, Osob, akahamia Garissa kwa ndugu zake pamoja na Sagal na kaka yao Abdihafid. Ruweyda alikuwa ameshaposwa, akabaki. Sasa ana watoto wanne, na tangu hapo dada hao walionana kwenye harusi na misiba tu, katikati ya watu wengi, wakiwa na mambo ya kupika.

Kwa hiyo Sagal alijaribu vifaa vyake kwa bidii ya mtu anayejiandaa kurudi kwao. Tairi zilitangulia. Aliingia nazo kwenye vichaka vya mathenge karibu na mto Tana, na kabla hajageuza, zote mbili zilikuwa zimeisha upepo, miiba imezama hadi mwisho. Akanunua tyubu nene, akazitia yale maji meupe yanayoziba pancha yenyewe, akarudi kwenye vichaka vilevile. Safari hii alitoka akiendesha.

Hema aliliazima kwa rafiki aliyekuwa akifanya kazi na shirika moja la misaada. Alilisimamisha uani, akalala humo usiku mmoja, akatoka ameloa jasho.

"Umejipika," mama yake alisema.

Akalirudisha hema, akachukua chandarua na kipande cha turubai. Chupa za maji, ambazo juani zilichemka hadi zikafaa kwa chai, alizivisha vitambaa vya gunia na kuvilowesha. Maji yakapoa vizuri. Siku hiyo alifurahi, akatamani kuwe na mtu wa kumwonyesha.

Mwishowe alitaka kuijaribu baiskeli ikiwa na mzigo wote, kwenye barabara ya Modogashe. Mama yake alikubali kwa sharti moja: Abdihafid amfuate kwa pikipiki, na warudi kabla ya magharibi.

Lami ilimbeba vyema. Upepo ulikuwa wa nyuma, na mizigo haikutikisika. Kisha akaingia njia ya kando, ya mchanga, kwa sababu alijua lami peke yake haitamfikisha Buna. Gurudumu la mbele likazama. Usukani ukamponyoka, akaanguka ubavu, sufuria na jiko la gesi vikatawanyika.

Abdihafid alisimamisha pikipiki. "Umeumia?"

"Hapana."

"Lete mabegi nikubebee."

"Nikikupa wewe nitakuwa nimejaribu nini?"

Abdihafid alikaa kwenye mchanga karibu naye. "Walaal, dada yangu, Ruweyda anajua unafanya haya?"

Sagal alipangusa vumbi kwenye buibui. "Sijamwambia. Naogopa atacheka."

Aliacha jiko na sufuria kwa mama mmoja aliyekuwa akiuza maziwa ya ngamia kando ya njia, akabakiza tende, mikate laini ya canjeero, maji na vifaa vya kutengenezea pancha. Akaupita mchanga ule bila kuanguka.

Jioni hiyo alimpigia dada yake, akamweleza kila kitu, hadi mabegi aliyoshona Duale. Ruweyda hakucheka. Alisema, "Abaayo, dada yangu, mimi na watoto wanne, wewe na baiskeli. Panda basi, nitakupikia." Akaaga haraka, akisema mtoto analia. Sagal hakusikia mtoto yeyote.

Mvua zikaja mapema, nyingi kuliko kawaida. Laga zilifurika, barabara ikakatika, malori yakakwama siku nyingi upande wa Wajir. Baiskeli ilisimama barazani ikiwa na mabegi yake. Kila asubuhi Sagal aliipita akienda shuleni, akiuliza kimoyomoyo kama udongo wa Buna umeshaota majani.

Ndipo Ruweyda akatuma ujumbe mfupi: yule fundi wako anaweza kushona mabegi mengine?

Duale aliyashona bila swali. Barabara ilipofunguka, mabegi yakaenda kwa basi.

Kisha simu ikalia, Sagal akiwa katika ofisi ya walimu. Alisikia pumzi nzito, na nyuma yake sauti ya tairi juu ya changarawe.

"Uko wapi?" aliuliza.

"Nje ya Buna. Nina baiskeli ya mwanangu, na mzigo wote. Watoto nimewaacha kwa shangazi yao." Ruweyda alihema. "Nilianguka mara mbili. Begi la mbele linagusa gurudumu, ulilifungaje lako?"

Sagal alimweleza jinsi ya kupitisha mpira juu ya usukani. Kisha akageukia dirisha ili wenzake wasiuone uso wake.

"Unaona nini?" aliuliza.

"Majani. Kila mahali. Ngamia wamenenepa. Sagal, laiti ungekuwepo."

"Nitakuja. Tope likikauka tu."

"Nitakupokea Wajir, kwa baiskeli. Nimeshamwambia mume wangu. Bado hajajibu, lakini jana alipaka mnyororo mafuta." Pumzi zikaongezeka. "Nakata, nahitaji mikono yote miwili."

Simu ikakatika. Sagal aliendelea kuishikilia sikioni hadi kengele ilipolia, kisha akachukua chaki zake akaenda darasani.