Shikamoo na Vifungo

Binti, fundi mdogo wa cherehani, alikuwa akipinda sketi ya shule Mzee Mabati alipoingia, akavua viatu, akaketi kwenye kiti chake. Kilikuwa chake kweli: alikinunua yeye, kama alivyonunua cherehani, na kama alivyoezeka nyumba yenyewe kwa mabati ya dukani kwake. Mama wa binti akamwambia mzee, "Karibu, mwanangu," ingawa huyo mwana alimzidi umri na magoti yalimlia akikaa.

"Shikamoo," fundi akasema.

"Marahaba."

Binti alikuwa na miaka ishirini. Mchana alimpa shikamoo, usiku alimpa nafasi kitandani, na katikati hapakuwa na mahali pa kusema neno. Kujua alijua. Mzee Mabati alikuwa na nyumba nyingine ya aina hii, na msusi aliyekaa humo alikuwa amekonda hadi bangili zikawa zinamvuka zenyewe. Kwa hiyo siku ile mama alipokwenda jikoni, fundi aliweka mkasi chini.

"Naomba sisi..." akaanza, na badala ya "twende tukapime" kikamtoka mdomoni kifungo cheupe cha matundu manne. Kikadunda sakafuni.

Mzee alikitazama. "Acha kuweka vifungo mdomoni. Utapaliwa."

Akajaribu tena, safari hii kuhusu kuvaa mpira. Vikatoka vitatu, vya bluu.

Basi ikawa ndiyo hali. Mama aliviokota, akaviosha, akavipanga kwa rangi, akasema Mungu hamtupi mja wake, maana madukani vifungo vimeadimika.

"Mama, wewe unajua ninachotaka kumwambia," binti alisema, na kwa mama maneno yalitoka vizuri kabisa.

Mama akageuza uso. "Mtu mzima haambiwi hivyo. Na mvua ndiyo hiyo inakuja."

Hofu ikamwingia binti. Usingizi ukampaa, chakula kikamshinda, mikono ikaendelea na kazi. Mwishowe akaenda zahanati peke yake.

Muuguzi alimchoma kidole, wakasubiri. "Mwenzako ulimwambia?"

Binti akafungua mkoba, akamwaga vifungo mezani. Muuguzi akavisogeza pembeni apate pa kuweka kiwiko. "Wewe ni vifungo. Asubuhi kaja mwanachuo, yeye ni kokoto, meno yameanza kukatika." Kisha akamgeuzia kipimo, naye akaona mistari miwili. Virusi vilikuwapo. Muuguzi akamweleza taratibu habari za dawa, kwamba akizimeza vizuri ataishi hadi azeeke. "Na yeye mlete apime."

Alipofika nyumbani Mzee Mabati alikuwa kitini. Binti hakutoa hata shikamoo. Alisema yote: kipimo, dawa, yule msusi, na twende ukapime. Vifungo vikamtoka kwa mkupuo, vikamjaa mzee mapajani, vikaviringika chini ya cherehani. Aliendelea kusema hadi koo likamchubuka, na kifungo cha mwisho kikatoka na damu. Mama alisimama mlangoni ameshika beseni.

Mzee akachambua, akachagua kimoja cha kahawia, akakilinganisha na shati lake, lililopungukiwa kifungo kifuani.

"Hiki kinafaa," akasema. "Nishonee."

Fundi akatunga uzi. Alikishona hapohapo kifuani, kwa mishono midogo ya kubana ili kisije kikang'oka, huku mzee akimwuliza mama kama godoro jipya alilolilipia limeshaletwa.