Tundu la Zamani

Fundi viatu alijisifia jambo moja: mkono mwepesi. Kiatu kikiletwa kimefumuka, alipitisha sindano kwenye matundu yale yale ya zamani, maana ngozi ikitobolewa ovyo huchanika. Basi kisukari cha mkewe kilipofikia kuchomwa sindano, na mwenyewe akawa hathubutu kujichoma, fundi akajitwika kazi hiyo. Asubuhi na jioni, miaka sita, vidole viwili kushoto mwa kitovu, pale pale.

"Wala sisikii kitu," mkewe alimwambia, na fundi akavimba kichwa.

Lakini sukari haikushuka. Kliniki waliongeza dawa, wakaongeza tena. Fundi akaanza kumshuku mkewe kwamba anakula kwa kificho, hata akatia kufuli kabati la chakula na ufunguo akauweka mfukoni. Mama wa watu aliapa, akalia, akashinda na njaa. Kisha kikatokea kidonda kwenye kidole cha mguu, kikakataa katakata kupona.

Siku moja kabla ya mguu kukatwa, muuguzi wa wodi alimpapasa mgonjwa tumboni, vidole vikakwama kwenye uvimbe.

"Nani humchoma?"

"Mimi," fundi akajibu, bado na majivuno kidogo.

"Hapa hapa siku zote?"

"Hapo hapamuumi, mwanangu."

Muuguzi akashusha pumzi. "Baba, mafuta ya hapa yameota sugu. Damu inapita kwa shida. Dawa ukiiingiza inakaa tu, haina wa kuibeba. Kliniki hawakuwahi kumshika hapa?"

"Walimpima damu tu."

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Miaka sita alikuwa akimwaga dawa mahali pasipo na njia, na lawama zote akambebesha mgonjwa.

"Nitamchoma mimi," muuguzi akasema.

"Mwache yeye," mkewe akajibu. "Ndiye niliyemzoea."

Fundi akaonyeshwa paja, la mguu utakaobaki. Akachoma. Mkewe akashtuka, akamng'ang'ania mkono.

"Leo imeuma."

"Nisamehe, mke wangu."

Mkewe alimtazama bila hasira, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

"Ule ufunguo wa kabati uko wapi?"

Fundi akaingiza mkono mfukoni. Hata hospitali alikuwa amekuja nao.