Jina la Kuingilia

Kijiko kiligusa ukingo wa kikombe, kikanyamaza, kisha kikagusa tena. Gizani, Mwanafunzi alitabasamu bila kufumbua macho. Mumewe, mlinzi wa zamu ya usiku, alikuwa amerudi. Kila alfajiri alikoroga chai kwa hadhari ya mwizi ili asiwaamshe, na kila alfajiri kijiko kilimsaliti.

Mwanafunzi halikuwa jina lake. Wenzake kwenye bohari ya dawa walimbandika jina hilo tangu alipoanza masomo ya jioni, wakidai kwamba hata boksi la dawa ya kikohozi analisoma kama karatasi ya mtihani. Alijichomoa taratibu ubavuni mwa binti yao, Chiriku, ambaye midomo yake ilichezacheza kana kwamba hata ndotoni alikuwa na ya kusema, akaenda kuketi karibu na mumewe.

"Leo ndiyo leo?" mumewe alinong'ona.

"Ndiyo leo. Mkaguzi wa leseni anakuja."

"Hebu nieleze tena, mke wangu. Nikalale nikiwa msomi."

Alimfinya mkono. "Ile hifadhidata tunayotunzia habari za dawa haiuzwi kama sufuria, kwamba ukishanunua basi, ni yako. Unanunua ruhusa ya kuitumia, na ruhusa yenyewe inahesabu watu. Kila anayeingia lazima awe na jina lake la kuingilia. Mkipokezana jina moja watu watatu, bado mnahesabika watatu."

"Na wewe unaingia kwa jina la Bibi."

"Mimi na wenzangu wawili."

Bibi alikuwa mtunza bohari wa zamani. Alipostaafu aliwaachia kiti chake chenye mto na neno lake la siri, kama mtu anayegawa urithi. Tangu hapo, kila shehena aliyoipokea Mwanafunzi, kila dawa aliyoiona inakaribia kuharibika akaiwahisha zahanati ikatumike, ilisomeka kuwa kazi ya Bibi. Hilo halikumuuma, mpaka alipoomba ajira ya kudumu. Makao makuu walimjibu kwamba kwenye mfumo hakuna kazi hata moja iliyofanywa na mwombaji. Wangelitazama tena ombi lake mwisho wa mwezi. Wakikataa tena, mkataba wake wa muda ungekufa kifo cha kimya.

Na jana meneja alikuwa amewaita wote watatu pembeni. "Kesho mkae upande wa kufungasha. Mkiulizwa, kompyuta hamzijui. Tukionekana wengi, ada itapanda, nitaambiwa nipunguze watu, na mnajua wataanza na nani."

Mumewe aliinamia kikombe chake. "Mimi getini kwetu ninamwandika kila anayeingia," alisema. "Hata fundi bomba wa dakika tano. Moto ukizuka, nijue nani yuko ndani, nani wa kutafutwa."

Akamaliza chai, akaenda kulala.

Mkaguzi alifika saa nne asubuhi, mwanamke aliyevaa viatu vya kutembelea na mwenye sauti isiyo na haraka. Mwanafunzi alikuwa nyuma ya rafu, akipanga chupa katika boksi, masikio yake yakiwa yamehamia kwenye meza ya kompyuta.

"Huyu Bibi wenu ni mchapakazi," mkaguzi alisema.

"Sana," meneja alijibu. "Hajui kupumzika."

"Naona. Anaingia asubuhi, anaingia jioni. Na jana saa tano alikuwa kwenye kompyuta mbili kwa mpigo."

"Alikuwa na... bidii," meneja alisema, akajifuta jasho shingoni.

Mmoja wa wafungashaji aliziba mdomo kuzuia kicheko. Mwanafunzi hakucheka. Alitazama chupa iliyokuwa mkononi mwake, yenye namba yake, tarehe yake ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi. Katika bohari nzima hapakuwa na kidonge kisichojulikana kilikotoka. Ni yeye tu aliyekuwa akipita humo kama upepo. Kwa miaka miwili alikuwa akishukuru kwamba haonekani, akidhani kutoonekana ndiko kunakomlinda. Sasa aliona kwamba asiyeonekana anaondolewa bila mtu kushtuka.

Aliiweka chupa chini. Akatoka nyuma ya rafu.

"Samahani, dada," alisema alipofika mezani. "Bibi alistaafu. Anayeingia asubuhi ni mimi."

Meneja alifumba macho. Utepe wa gundi uliokuwa ukivutwa ulikatiwa njiani. Kisha, kutoka kwenye rafu za mwisho, sauti ya mwenzake ikasema kwa woga, "Na jioni ni mimi."

"Na kompyuta ya pili ni mimi," akadakia wa tatu.

Mkaguzi hakuinua sauti. "Kwa hiyo, mkihesabiwa wote wanaoigusa hifadhidata, ni wangapi?"

"Kumi na mmoja," meneja alisema, kama mtu anayetaja ugonjwa wake.

Mkaguzi aliufungua mkataba, akausukuma mbele ya meneja. "Soma hapa, kaka. Kwa mashine ya ukubwa huu kuna kima cha chini. Hata mngekuwa watano, mngelipia watumiaji ishirini na watano. Mmekwisha kulipa."

"Hiyo si bei ya mashine?"

"Ni nafasi za watu. Nyingi ziko wazi."

Meneja alisoma mara ya kwanza, akasoma mara ya pili, kisha akaketi juu ya boksi la bandeji. "Yaani nimekuwa nikiwaficha watu wenye viti vyao?" Alianza kucheka, kwanza kidogo, kisha mabega yakamtikisika, na Mwanafunzi akaona jinsi hofu ilivyokuwa imemzeesha yeye pia.

"Kupokezana jina lazima kukome leo," mkaguzi alisema. "Hilo nitaliandika. Na kazi zilizokwisha kuingizwa zitabaki kwa Bibi, haziwezi kubadilishwa."

"Miaka yote miwili?" Mwanafunzi aliuliza.

"Yote, mdogo wangu. Pole."

Meneja alisimama, akajipangusa suruali. "Makao makuu nitawaandikia mimi. Siwezi kuahidi watasema nini. Lakini nitawaambia Bibi ni nani."

Jina la kuingilia la Mwanafunzi lilikuwa tayari alasiri ya kesho yake, saa ambayo mumewe alipita na Chiriku kutoka shule. Mlinzi wa bohari aliwaandika, akawaruhusu. Mtoto alikimbilia mapajani mwa mama yake.

Mwanafunzi aliandika neno lake la siri, akakosea, akarudia. Skrini ikafunguka. Aliingiza shehena moja ya sindano, akabonyeza, na kwenye safu ya aliyepokea likatokea jina lake halisi, ambalo kwa muda mrefu aliliona kwenye kadi ya kliniki tu. Alishusha pumzi. Mumewe alisimama nyuma ya kiti.

Chiriku alilisoma jina lile silabi kwa silabi, kidole kikigusa kioo. Akageuka, akawatazama wafungashaji, rafu na meneja aliyekuwa mlangoni, kisha akasema kwa sauti kubwa:

"Mama yangu anafanya kazi hapa."