Mtaro wa Shomari

Maji yalikuwa yamefika kwenye kitasa cha sanduku la nguo. Arafa aliyachota kwa sufuria akayamwaga nje, nayo yakarudi. Mama mkwe wake, Mwanahalima, alikuwa amekunja miguu juu ya kitanda kilichoinuliwa kwa matofali, akitetemeka kwa homa.

"Acha, mwanangu. Unajichosha bure."

Zamani mvua ya masika ilizama kwenye changarawe na nyasi za kule juu. Tangu barabara ya kwenda kilabu cha Wazungu imwagiwe lami, maji hayakuwa na pa kuzama. Yaliteremka yote mpaka mtaani kwao.

Mvua ilipokatika, Shomari, mumewe Arafa, alichimba mtaro ukingoni mwa barabara, juu kidogo ya nyumba, akaujaza mawe na kokoto. Mvua iliyofuata, maji yaliingia humo yakanywewa na ardhi. Mwanahalima akateremka kitandani, akaanika godoro lake. Majirani nao wakaanza kuokota mawe.

Ndipo akaja Bwana Afya, Mzungu mkaguzi wa usafi wa mji, mwenye fimbo, pamoja na karani wake Thomasi, Mmeru aliyesoma misheni.

"Shikamoo, mama," Thomasi alimwamkia Mwanahalima kwanza. Kisha akamgeukia Shomari. "Bwana anauliza, nani kakuruhusu kuchimba barabara ya Serikali?"

"Maji yanaingia ndani. Mama yangu mgonjwa."

Thomasi akafasiri. Mzungu alichokoa mawe kwa fimbo, akasema maneno machache.

"Anasema mtaro wako unazalisha mbu."

"Mbu gani? Mwambie atazame. Humu hamna maji, yameshazama."

Thomasi hakufasiri. "Ndugu yangu," alisema kwa sauti ya chini, "mimi nina watoto."

Mahakamani ikawa faini au kifungo. Faini Shomari hakuwa nayo.

Kabla masika hayajaisha, lori la Serikali lilisimama mbele ya nyumba, na pipa la lami likifuka moshi. Wafungwa wakashuka. Wa mwisho alikuwa Shomari, kichwa kimenyolewa.

Arafa alitoka na kikombe cha uji. Askari jela akamzuia.

"Rudi. Mfungwa hana mke kazini."

"Nyumba hii ni yake."

"Ndiyo maana tumemleta. Anajua pa kuziba."

Shomari hakuinua macho. Walifukia mtaro kwa udongo, wakaushindilia, wakamwaga lami mpaka karibu na ukuta wa nyumba. Alishindilia vizuri, askari alikuwa amesimama nyuma yake.

Alasiri mvua ikashuka kutoka Mlima Meru. Wafungwa wakaamriwa wajibanze upenuni. Shomari akaegemea ukuta wa nyumba yake, kando ya mlango.

"Arafa," Mwanahalima aliita kutoka kitandani, "ni nani hao wamesimama nje?"

Arafa alimtazama mumewe. Angeweza kumgusa.

"Wafungwa, mama."

"Masikini. Waambie waingie, wasilowe."

Askari akatikisa kichwa. Maji yakateleza juu ya lami mpya, yakapita katikati ya miguu ya Shomari, yakaingia.