Ngata Chini ya Kichwa cha Malaki

Najilaza kwenye mkeka mtupu baada ya kupukuchua maharagwe, jua bado liko juu, na hasira imekaa kifuani kama mgeni asiyetaka kuaga. Leo wageni wamekuja na magari yao hapa Maktau kuweka maua kwenye makaburi ya askari wazungu waliokufa katika vita vya Mjerumani. Nami nimewapikia chai, wameinywa, na hakuna aliyeuliza habari za wapagazi. Babu yangu Kilelu alikuwa mpagazi. Askari wa wazungu walimkamata shambani, wakambebesha masanduku ya risasi, akafia korongoni. Sisi Wadawida, watu wa milima hii, zamani mtu akizikwa na mwaka ukapita, kichwa chake hufukuliwa, kikapelekwa pangoni kukaa na wazee wenzake. Babu hakuzikwa na mtu, lakini kaka yake Mwakio alishuka korongoni akarudi na fuvu, na tangu hapo ukoo wetu unalipelekea pombe ya miwa, tunaliita Kilelu, tunaliomba mvua na watoto. Hayo ndiyo ninayoyawaza ninapofumba macho, na mkeka unanyooka, unanyooka, unakuwa barabara.

Natembea na barabara haiishi. Mlima wa kwetu uko kulia, nikipepesa macho uko kushoto, nikigeuka unanifuata kama mbwa. Nafika mji wa mabati yanayong'aa, kila ukuta ni kioo, na ndani ya kioo kuna mji mwingine kama huu uliogeuzwa. Mji wa huku una makaburi yaliyopakwa chokaa, yamepangwa kama viti vya kanisani. Mji wa ndani ya kioo una watu waliolala nyasini ovyo, hata jiwe hawana. Mtu mmoja anatembea mbele yangu, akigeuka naona hana uso, pana ngozi tu, laini kama boga. Namwuliza Kilelu yuko wapi. Anajibu, Bibi, unamtafuta mwenye kitanda asiye na kichwa, au mwenye kichwa kwenye kitanda cha mwenzake? Namwambia nimefika darasa la tatu tu, aseme kama watu wanavyosema. Anacheka, sijui kwa mdomo gani, na barabara inajikunja na kuingia kwenye pango letu.

Mafuvu ya wazee yako palepale ninapoyajua. Ila penye fuvu la babu ameketi kijana wa kizungu, mwekundu kwa jua, miguu imezungushiwa vitambaa vya kijeshi, anapangusa povu la pombe mdomoni. Shikamoo, mama, anasema, na Kidawida chake kimenyooka kama cha baba yangu. Namwuliza ni nani na anafanya nini kwenye kiti cha watu. Anasema anaitwa Malaki, kwao ni Ayalandi. Aliondoka kwao kwa njaa, akavuka bahari hadi Afrika Kusini kuchimba dhahabu ya matajiri, na vita vilipokuja akaandikishwa askari wa miguu, cheo hana, viatu vinambana, akaambiwa mfalme anamhitaji. Mfalme yuleyule aliyeikalia nchi ya kwao. Namwuliza, na ukaenda? Nikaenda, anasema. Mpumbavu wewe. Ndiyo, mama.

Basi namkaripia. Miaka yote hii umekunywa pombe ya babu yangu. Anainamisha kichwa. Ilikuwa nzuri, anasema, lakini mliniomba mvua, mama. Mimi? Kwetu mvua ndiyo iliyoozesha viazi. Nilikuwa naogopa kujibu.

Sicheki. Nataka kujua Mwakio alikosea vipi, maana hakuwa kipofu. Malaki anatoa kitu chini yake, ni ngata, ile kata ya majani ya mgomba ambayo mpagazi huiweka kichwani kabla ya mzigo. Anasema walipigwa risasi pamoja, yeye na mtu aliyembebea risasi zake. Nilikuwa nalia, anasema, jiwe lilikuwa linaniumiza kisogoni, na babu yako akavua ngata yake akaniwekea kichwani. Kisha akatambaa kutafuta maji, hakurudi. Kaka yake alipokuja akaiona ngata aliyoisuka mwenyewe, akachukua kichwa kilichoilalia.

Hasira inanipanda mpaka masikioni. Hata mto wa kufia alikupa yeye. Na leo maua umewekewa wewe.

Mlangoni pa pango pana giza, natazama, babu amesimama. Hana kichwa. Sanduku la risasi linaelea juu ya mabega yake, mahali kichwa kingekaa, na bado amelishikilia kwa mikono miwili. Yule mtu wa barabarani asiye na uso ananipa kibuyu cha pombe ya miwa. Najua anachotaka, anataka nitase, maana ndivyo tunavyotoa hasira: unajaza kinywa, unapuliza, unasema yaliyo moyoni, na moyo unakuwa mweupe. Malaki ananishika miguu. Puliza, mama, niende kwetu, nimechoka kuitwa jina la mtu. Najaza kinywa. Namtazama yeye, namtazama babu na sanduku lake. Natikisa kichwa. Leo sipulizi. Korongo lichimbwe kwanza, vichwa viwe viwili, ndipo nitawapulizia wote.

Mkwe wangu Mkawasi ananitikisa bega. Mama, amka, maharagwe yanaliwa na kuku. Jua liko palepale. Ananiuliza ngata hii ya mgomba nimeitoa wapi, si nililala bila mto? Naipapasa chini ya kisogo changu, imekauka, imebonyea katikati. Nataka kumwambia awaite wanaume waje na majembe, lakini kinywa changu kimejaa pombe ya miwa, kitamu, na nikikifungua itamwagika kabla vichwa havijawa viwili.

Mama, mbona husemi?

Nafumba midomo, nachukua jembe mwenyewe.